Joto la Upande wa Pili

Tofali la kwanza lilimvunjikia Diep mkononi kama biskuti. Akaokota la pili, nalo likameguka vile vile. Alikuwa amechuchumaa ndani ya tanuri lake, kwenye safu iliyoegemea ukuta wa nyuma. Siku chache tu zilizopita alikuwa ameyapanga matofali hayo kwa mikono yake mwenyewe, mabichi, yangali na ubaridi wa udongo, pembe zake kali kama zimekatwa kwa uzi. Sasa yote ya upande huo yalikuwa na nyufa, na mengine yamebetuka. Aliweka kiganja ukutani, akakiondoa upesi.

"Amewasha," alisema.

Lanh alikuwa mlangoni na kapu begani. Ndiye aliyekuwa akimsaidia kazi, na walikuwa marafiki tangu walipoolewa wote wawili katika kijiji hicho cha wachoma matofali, kando ya mfereji ambamo mashua za makapi ya mpunga hupita kutwa kucha.

"Nani, wifi yako?"

"Kwani ukuta huu nauchangia na nani mwingine?"

Matanuri hayo mawili aliyajenga Mzee Lam, baba mkwe wa Diep, enzi za nguvu zake. Aliyajenga mgongo kwa mgongo, makuba mawili marefu yenye umbo la yai, ukuta mmoja katikati. Moto wa tanuri moja ulipita ukutani ukalipasha jingine, kwa hiyo alipoyawasha yote pamoja alitumia makapi machache kuliko majirani. Sheria yake ilikuwa moja: yawake yote mawili, au likiwaka moja, jingine liwe tupu. Alipokufa, tanuri la upande wa mfereji lilikwenda kwa mwanawe Quoi, mume wa Diep. La upande wa barabara akapewa binti yake, Thoa. Ndugu hao waliishika sheria ya baba yao bila hata kuitamka. Kisha Quoi akaugua kifua, akafa, Diep akabaki na tanuri na bila mtoto. Tangu hapo Thoa akawa anawasha anapojisikia.

Diep alichukua vipande viwili vya tofali lililovunjika, akazunguka hadi upande wa barabara.

Thoa alikuwa amejilaza kwenye bembea ya wavu chini ya banda, mguu mmoja chini, akijisukuma polepole. Mume wake Mien alikuwa mbele ya mdomo wa tanuri, akimwaga makapi motoni kwa koleo. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyekauka uso kwa miaka mingi ya kutazamana na moto. Alimwona Diep akaitikia kwa kichwa.

"Wifi, umewasha," Diep alisema.

"Nimewasha. Tanuri ni la kuwashwa. Au la kwako ni la kutazama?"

"Ulijua nimepanga mabichi. Uliniona."

"Nilikuona. Kutwa nakuona, nifumbe macho?"

Diep aliweka vile vipande mezani, kando ya birika la chai. "Safu yote ya ukutani imepasuka."

Thoa alivitazama kama mtu anayetazama matapishi ya paka. "Moto wangu uko kwangu. Umeuona ukiruka ukuta?"

"Moto haukuruka. Joto ndilo lililopita."

"Basi likamate unirudishie." Akacheka kidogo, peke yake. Kisha akaacha kucheka. "Ukuta ule kajenga baba yangu. Joto linalopita humo ni la baba yangu. Wewe ni mtu wa kuja. Ulikuja hapa na sanduku moja la nguo, na aliyekuleta ameshazikwa. Ungekuwa umemwachia Quoi hata kitoto kimoja, tungesema tanuri lina mwenyewe."

Koleo la Mien lilisimama. "Thoa," alisema kwa sauti ya chini.

"Wewe chochea."

Akachochea.

"Ukichoka, njia ya kwenu unaijua," Thoa aliendelea. "Mashua zinapita kila siku."

 Diep aliviacha vile vipande mezani, akarudi alikotoka.

Chuki ya Diep haikuwa ya kelele. Thoa akichukia, kijiji kizima kilijua kabla wali haujaiva. Diep akichukia alifanya kazi. Aliyatoa matofali yaliyopasuka, akayaponda, akayarudisha kwenye udongo, akayakanyaga upya kwa miguu yake. Kisha akajenga, ndani ya tanuri lake, ukuta mpya uliobanana na ule wa zamani, mnene, wa matofali mawili mawili, bila kuacha hata upenyo wa kisu.

"Sasa na alete joto lake," alimwambia Lanh.

Thoa alipowasha tena, ukuta mpya ulikaa baridi, na Diep akatembea kijijini kifua mbele. Lakini ilipokaribia wiki, aliweka kiganja pale akasikia uvuguvugu, na kesho yake uvuguvugu umekuwa moto. Safu iliyoegemea pale ikapasuka kama ile ya kwanza.

"Ukiacha mwiko wa chuma chunguni, mpini unaunguza," Lanh alisema. "Ukiwa na mpini mrefu utaunguza baadaye, lakini utaunguza. Wewe umerefusha mpini tu, dada."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Nimekupa bure."

Wakati wa chakula cha mchana walikaa kivulini na bakuli zao za wali na samaki aliyepikwa kwa sukari na pilipili manga. Diep alimimina chai kutoka kwenye chupa ya chai, akanywa, ikamchoma ulimi. Akaitazama ile chupa, akaigeuza, akaipapasa. Nje ilikuwa baridi.

"Nimeijaza alfajiri," alisema. "Kwa nini ndani inaunguza na nje hamna kitu?"

"Kwa sababu ni ya dukani."

"Kwa sababu katikati kuna nafasi. Niliwahi kuivunja moja. Ina kioo ndani ya kioo, na katikati patupu. Joto halipati pa kukanyaga."

Alasiri hiyo hiyo aliubomoa ukuta mpya. Akaujenga tena mbali kidogo na ule wa zamani, akaacha mwanya mtupu katikati, mpana wa kiganja na vidole. Kazi hiyo ilimchukua siku nyingi, na siku zote hizo Thoa alipita barabarani mara kwa mara akiinua shingo. "Wifi anajenga nyumba ndani ya tanuri," aliwaambia watu dukani. "Anataka kulala humo na marehemu." Maneno hayo yalimfikia Diep kabla ya jioni, kama ilivyokusudiwa.

Mwanya nao ulimwangusha. Thoa alipowasha, Diep alipanda juu akaingiza mkono katika nafasi ile, akakuta humo upepo wa moto unapanda mbio kama moshi wa dohani, ukigonga juu na kumwagikia kwenye matofali yake. Akaziba juu kwa udongo ili hewa isipate pa kukimbilia. Upepo ukatulia, lakini ukuta wake ukaendelea kupata moto.

"Tofali halijagusa tofali," Lanh alisema. "Upepo umeuziba. Sasa linapitaje?"

Diep alitoka nje asimjibu. Jua lilikuwa la utosi. Alisimama uwanjani bila kofia yake ya ukili, akafumba macho, akasikia mashavu yakimchoma.

"Jua liko wapi na hapa ni wapi?" aliuliza. "Katikati kuna nini?"

"Mawingu."

"Juu ya mawingu."

"Sijafika."

"Wanasema hamna kitu. Patupu kabisa. Na bado linatuunguza." Akafumbua macho. "Ukuta wa yule mwanamke unawaka kama jua, na ukuta wangu umekaa mbele yake unaota. Halihitaji kushika kitu wala kupanda upepo. Linatazama tu."

"Mbona kwenye chupa halitazami?"

"Kioo cha chupa kimepakwa fedha. Joto likitazama linajikuta linarudi. Mimi nitapata wapi kioo cha kufunika tanuri?"

Jibu alilipata nyuma ya tanuri lake mwenyewe, kwenye lundo la majivu ya makapi, jeupe, jepesi, linaloinuka kila mwaka kwa sababu hakuna anayejua kulimaliza. Paka alikuwa amelala juu yake, amejikunja, anakoroma. Diep alikanyaga pembeni, mguu ukazama hadi kifundo, akauchomoa akiguna, kwani chini kulikuwa na makaa mekundu yaliyotupwa siku tatu au nne nyuma. Hayajazimika, na paka juu yake hana habari.

Aliujaza ule mwanya majivu, kapu baada ya kapu. Majivu hayakuwa mazito kiasi cha kulibeba joto kama tofali. Hayakuwa na uwazi wa kutosha upepo kukimbia ndani yake. Na ukuta haukuweza tena kuutazama ukuta mwenzake. Thoa akawasha, akachoma wiki mbili na zaidi, na Diep akaweka shavu lake, si kiganja, kwenye ukuta wake. Ulikuwa baridi kama mtungi.

Kisha akauchoma mzigo wake wa matofali, nao ukatoka mzima, mwekundu, unalia kama kengele ukigongwa. Wala si hilo lililomfurahisha zaidi. Lililomfurahisha lilikuwa upande wa barabara. Thoa alipolifungua tanuri lake, matofali yote ya ukuta wa katikati yalikuwa yameungua kupita kiasi, meusi, yameyeyuka kidogo na kugandana manne manne, hayafai hata kwa msingi wa banda la nguruwe.

Thoa alikuja mwenyewe safari hii. Alisimama mlangoni kwa Diep na bonge moja la matofali yaliyogandana, akalitupa chini.

"Umezika nini?"

"Wapi?"

"Usijifanye mjinga. Miaka yote baba anachoma, mimi nachoma, hayajawahi kuyeyuka. Umejifungia humo ndani wiki nzima na yule kibaraka wako. Umezika nini ukutani? Nywele zangu? Nguo yangu?"

Diep alijua vizuri sana kilichotokea. Joto ambalo zamani lilivuja kuja kwake lilikosa njia, likarudi lilikotoka. Angeweza kusema kwa sentensi moja. Alimtazama wifi yake, uso umemvimba kwa hasira na ndani ya hasira kuna woga, na akaona utamu ambao hakuwa ameuonja tangu Quoi afe.

"Moto wako uko kwako, wifi," alisema. "Mimi sijauona ukiruka."

Thoa akatema mate karibu na kizingiti, akaondoka. Kuanzia hapo hawakusalimiana hata sokoni. Thoa akaanza kumwaga taka zake usawa wa mlango wa Diep, na Diep akawa anazisukuma zirudi kwa fagio lile lile analofagilia banda la bata. Mien peke yake ndiye aliyeendelea kuitikia kwa kichwa, akihakikisha kwanza kwamba mke wake hatazami.

Mvua zilipopungua, Thoa aliwasha tena. Akaamuru Mien apunguze makapi upande wa katikati, akaona hilo linatosha. Diep naye alikuwa amepanga mzigo wake, umejaa hadi juu isipokuwa njia nyembamba kando ya ukuta, umebakiza siku chache kukauka. Alasiri moja aliingia kukagua. Ukuta wake ulikuwa baridi, lakini matofali matatu ya katikati yalikuwa yamejitokeza, kama meno yaliyosukumwa na ulimi. Alilegeza moja kwa ncha ya panga, akalivuta.

Majivu yalimwagika miguuni kama unga. Yalipokwisha kushuka aliinama akachungulia tunduni.

Ukuta wa Mzee Lam, ambao upande huu ulikuwa mweusi tangu ulipojengwa, ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mwekundu wote mpaka ndani, na umetoa tumbo, umemwinamia. Udongo ulioshikanisha matofali ulikuwa umelainika na katika sehemu moja ulikuwa ukishuka taratibu kama asali. Diep alielewa mara moja. Zamani ukuta ule ulipata kupumua. Uso mmoja ulikula moto, uso wa pili ulipoa, na huo uliopoa ndio uliobeba kuba. Yeye alikuwa ameuvisha koti la majivu, na sasa hapakuwa na uso uliopoa.

Aliwahi kuona tanuri likianguka, mbali kidogo chini ya mfereji, mwaka alioolewa. Kuba lilishuka, na moto wote uliokuwa ndani ukatokea mdomoni kwa pumzi moja. Aliyekuwa anachochea hakupata kugeuka.

Alisimama pale, panga mkononi. Wazo lililomjia kwanza lilikuwa fupi na lilikuwa wazi: acha. Hakulifukuza. Alilitazama. Kisha akasikia, upande wa pili, koleo likikwaruza sakafu na mtu akikohoa. Alikuwa Mien, ambaye siku ya msiba ndiye aliyemwosha Quoi na kumfunga kidevu, wakati wengine wanabishana juu ya ubani.

Alizunguka mbio.

"Shemeji, toka hapo," alisema alipofika. "Ukuta wa katikati unaanguka."

Mien alisimamisha koleo. Thoa akainuka kutoka kwenye bembea.

"Ukuta umesimama tangu sijavunja ungo," Thoa alisema. "Uanguke leo kwa sababu wewe umeota?"

"Sijaota. Umeona matofali yako yalivyoyeyuka. Acha kuchochea, mwondoe mtu mdomoni."

"Nikiacha sasa moto utashuka, mzigo wote unaharibika. Ndicho unachotaka."

"Ndicho nilichotaka juzi na jana. Leo nakwambia toka."

"Umejuaje, shemeji?" Mien aliuliza.

Hapo Diep ilibidi aseme. Alisema akimtazama Mien, si Thoa. "Nimejenga ukuta wa pili kwangu, nikajaza majivu katikati. Joto halina pa kutokea. Ukuta wa baba umeiva mpaka upande wangu, umetoa tumbo."



"Kumbe," Thoa alisema. Alisema polepole, kama mtu anayemeza mfupa. "Kumbe ni wewe. Nimekwenda kwa waganga wawili, kumbe ni wewe na majivu yako." Akamgeukia mumewe. "Na unamsikiliza. Anakiri kwamba alikuwa ananiharibia, halafu unamsikiliza. Chochea."

Mien aliegemeza koleo kwenye nguzo. "Sichochei," alisema. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo, na nadhani hata yeye neno hilo lilimshangaza.

Thoa akalichukua koleo mwenyewe. Akasimama mahali pa mumewe, mbele ya mdomo, uso wake mwekundu kwa mwanga wa ndani, akachota makapi akatupa. "Nyie wawili nendeni mkaoane," alisema. "Mimi nachoma tanuri la baba yangu."

Sasa aliyekuwa mdomoni si Mien. Diep alimtazama wifi yake mgongoni, vipande vya mabega vikipanda na kushuka, kwa muda ambao haukuwa mrefu lakini yeye aliukumbuka sana baadaye.  Aligeuka akarudi upande wa mfereji, akikimbia, na Mien nyuma yake.

"Lanh, fungua mlango wote," alisema alipofika. "Bomoa na matundu ya juu."

"Mzigo wako utapasuka."

"Najua utapasuka. Bomoa."

Kumshawishi Thoa aache moto hakukuwezekana, na hata angeacha, joto lililokwisha kulala ukutani lisingeondoka upesi. Kilichowezekana ni kuupa ukuta njia ya kupumua. Diep na Mien waliingia ndani, wakaanza kuuvunja ukuta mpya kutoka juu kwa panga na kwa mtaimbo, na majivu yakamwagika, yakajaza tanuri zima mpaka hawakuonana. Mien aliyavuta kwa jembe kuelekea mlangoni. Lanh aliyapokea nje. Kila tofali la ukuta wa Diep lililoondoka, ukuta wa Mzee Lam ulijitokeza zaidi, mwekundu, na pale ulipojitokeza joto lilitoka moja kwa moja kama limeona mlango. Diep hakuugusa hata mara moja. Hakuwa karibu kiasi cha kuugusa. Lakini ngozi ya mikono yake ilianza kukaza, vinywele vikasinyaa, na upande mmoja wa uso ukamwaka kana kwamba ameegemea kikaango. Akigeuka, mgongo ndio uliwaka. Lanh alimmwagia ndoo ya maji ya mfereji, na Diep akaendelea.

Kisha upepo ukaanza. Mlango ukiwa wazi chini na matundu yamevunjwa juu, hewa baridi ya mferejini iliingia kwa mvumo, ikapita kwenye uso wa ukuta, ikapanda na moto na kutokea juu. Nyuma yao matofali mabichi yakaanza kulia, moja moja, kisha mengi pamoja, tap, tap, kama mahindi kwenye sufuria. Mzigo wote wa Diep ulikuwa unapasuka. Hakugeuka kuutazama.

Walipotoka nje, wakihema, weupe kwa majivu, ukuta ulikuwa umeanza kubadilika rangi kuanzia juu, kutoka wekundu wa damu kwenda wekundu wa kutu. Tumbo lilibaki, lakini lilisimama pale lilipokuwa. Kuba halikushuka.

Thoa alikuwa amesimama uwanjani. Moto ulikuwa umemdhoofikia kwa sababu joto lilikuwa linakimbilia upande wa pili, ameliona hilo, ameacha koleo, amekuja. Alichungulia ndani ya tanuri la Diep. Aliuona ukuta. Aliutazama muda, kwa macho ya mtoto wa mchoma matofali, na hakuhitaji kuelezwa. Kisha akaitazama mikono ya Diep, yenye malengelenge kuanzia kiwiko hadi vidole.

"Mbona hukuniacha?" aliuliza. Hakuuliza kwa upole. Aliuliza kama mtu anayedai.

"Usijipe cheo," Diep alisema. "Ukuta ni mmoja. Kuba lako likianguka, langu linafuata."

"Ungenifukia humo, ungebaki na yote mawili."

"Yana nini ya kunifaa? Yamejaa wewe."

Mien alikuwa amekaa chini, anakohoa. Thoa alimwinua kwa kumshika kwapa, si kwa ukali, si kwa huruma, akaondoka naye. Hapakuwa na asante. Diep hakuitarajia, na ingekuja asingejua aiweke wapi.

Haikupita wiki Thoa akaenda kushtaki kwa baba yake mdogo, mkubwa wa ukoo. Akasema Diep amekiri mbele ya mashahidi kwamba aliuziba ukuta kwa siri. Baba mdogo akaja, akasikiliza upande mmoja, akasikiliza na wa pili: kwamba Thoa alivunja sheria ya Mzee Lam kwanza, na mara ngapi. Lanh alisema zaidi ya alivyoombwa, ikabidi anyamazishwe. Mwishoni mzee yule aliingia ndani ya matanuri yote mawili, akalipapasa lile tumbo la ukuta, akatoka akisema kwamba nyinyi wawili hamuwezi kuwa na ukuta mmoja, hamkuwahi kuweza, na marehemu alikosea kudhani mtaweza. Ubomolewe. Kila mtu ajenge wake, na katikati kipite kichochoro, upepo uchukue joto la kila mmoja na kulipeleka kusiko na mtu.

Ulibomolewa. Mafundi walifanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, Thoa akisimamia upande wake na Diep upande wake, na wanaume wale walijikuta wakinong'ona kama wako msibani. Matofali mazima yaliyotoka kwenye ukuta wa zamani yaligawanywa sawasawa, na kwa yale yaliyobaki bila jozi palitokea ugomvi wa kutwa nzima. Tangu matanuri yatengane, kila moja linakula makapi mengi kuliko zamani. Mikono ya Diep ilipona, ila ngozi ya mkono wa kulia ilibaki nyororo na ya waridi, na haistahimili jua. Mien hakurudi mbele ya moto. Kifua kilimkatalia, na Thoa mwenyewe ndiye anayechochea hadi leo.

Siku ya kumkumbuka Mzee Lam ilipofika mwaka uliofuata, Diep hakwenda. Lakini mkwe ni mkwe, hata kwa wafu. Alichinja bata wake mmoja mnene, akampika kwa maji ya nazi, akamweka kwenye sahani, akamtuma Lanh apeleke nyumbani kwa Thoa, kwenye madhabahu ya marehemu.

Lanh alirudi jioni na sahani. Ilikuwa imeoshwa, kavu, tupu.

"Hajatia hata tunda moja humu," Diep alisema.

"Hajatia. Lakini bata ameliwa. Nimemwona kwa macho yangu akiguguna shingo."

"Alisema nini?"

"Alisema chumvi imezidi."

Diep aliigeuza ile sahani, akaikagua chini kama imepata ufa. "Mwongo," alisema, akaiweka kabatini. "Mimi na chumvi hatujawahi kukosana."